Mvinje wa Bamburi na Machimbo ya Mukurweini

Fundi wa Mukurweini, huku milimani, akitaka nguzo za kushikilia slabu hutafuta mkaratusi. Mwenzake wa Kilifi hutafuta mvinje. Ni mti ulionyooka, mgumu, unaokatwa ukiwa na miaka mitano hivi, na kuni zake huwaka hata zikiwa mbichi. Lakini kazi kubwa kuliko zote ambayo mvinje umewahi kufanya nchini ilifanyika Bamburi, Mombasa, na ndiyo ninayotaka tuichambue sisi wa milimani.

Mwaka 1971 kiwanda cha saruji cha Bamburi kilikuwa kimeacha shimo kubwa la mawe ya matumbawe. Udongo haukuwepo, jua lilichoma, na maji ya chini yalikuwa na chumvi. Rene Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alijaribu aina 26 za miti. Zilizosalia ni tatu, mvinje ukiwa mojawapo.

Uliwezaje? Chuma kutoka mtini kile kinachofanana na sindano, ukivute taratibu: kinakatika kwenye kiungo, kisha kiungo kinachofuata. Hicho si jani, ni kitawi cha kijani. Majani yenyewe ni vijimeno vinavyozunguka kila kiungo, vidogo hata lazima usogeze jicho. Mti wenye majani madogo hivyo haupotezi maji ovyo. Chini, mizizi yake ina vinundu vinavyohifadhi bakteria wa jamii ya Frankia, ambao huchukua naitrojeni hewani na kuulisha mti. Ndiyo maana wenye vitalu huchanganya udongo uliotolewa chini ya mivinje iliyokomaa. Mche ukikosa bakteria hao, hudumaa.

Hapo ndipo wengi huishia wanaposimulia habari za Bamburi, na kwangu ndipo utamu unapoanza. Vitawi vilianguka, vikarundikana, havikuoza, kwa kuwa vina tanini nyingi. Msitu ulikuwa umesimama juu ya mwamba uliofunikwa takataka kavu. Haller akaleta jongoo wakubwa wenye miguu myekundu. Wakala vitawi, na kinyesi chao kikawa chakula cha bakteria wengine, kikageuka mboji. Mboji ndiyo iliyopokea miti mingine, kisha ndege na wanyama. Leo mahali hapo panaitwa Haller Park.

Kwa anayeupanda ili apate nguzo, mvinje una dosari moja: ukishaukata, kisiki chake hakichipui vizuri kama cha mkaratusi, hivyo kila mavuno yanadai miche mipya.

Sishauri tuupande hapa. Ni mti wa mchanga wa pwani, na miinuko yetu ina baridi. Ila tunayo mashimo yaliyoachwa na wachimba mawe na changarawe, na mazoea yetu ni kuchomeka miche ya mukima humo na kuondoka. Mukima naupenda, umetupa kivuli cha kahawa, mbao na kuni za kupogoa. Lakini hauna vinundu vya naitrojeni, na kwenye changarawe tupu hubaki kijiti cha manjano. Wa kutangulia ni muhuti wetu, ambao hushika hata kwa kipande cha tawi kilichochomekwa ardhini, pamoja na kaliandra tunayowakatia ng'ombe. Yote miwili ina vinundu. Majani yake yaachwe yaanguke humo humo shimoni kwa misimu kadhaa, yasifagiliwe wala kupelekwa zizini. Mukima uingie baadaye, utakapokuta udongo.