Chukua Pima Maji Uende Maktaba

Ukarabati wa maktaba uliofanywa kwa ajili ya watu wenye ulemavu haukaguliwi siku ya kukata utepe. Siku hiyo sakafu imepigwa deki, viti vimenyooshwa mstari, na mgeni rasmi anapigwa picha juu ya rampu ambayo hajawahi kuipanda kwa magurudumu. Nenda zile wiki za kuelekea mtihani wa kidato cha nne, saa nne asubuhi, wanafunzi wamejaa mpaka kwenye korido, mabegi yamelala chini na viti vya plastiki vimesogezwa katikati ya rafu. Hapo utajua kama upana wa njia ulikuwa wa kweli au uliishia kwenye mchoro.

Beba futi kamba na pima maji ya sentimita 60. Ukiweza, ongozana na mtu anayetumia kiti mwendo na mwingine anayetembelea fimbo nyeupe, wote wawe wageni wa tawi hilo. Katika dakika kumi wataona mambo ambayo wewe na futi yako hamtayaona kutwa nzima. Swali la kwenda nalo ni moja: je, mtu anaweza kushuka kwenye daladala, akaingia kwa mlango uleule tunaoupita wote, akakifikia kitabu, akaenda chooni na akarudi nyumbani, bila kumwomba mtu yeyote amsukume, ambebe au amfungulie? Kila kilichojengwa kipime kwa safari hiyo. Na macho yako yakae kwenye viungo, pale kazi mpya inapokutana na jengo la zamani, kwa sababu mkandarasi mzembe huharakisha hapo kuliko popote.

Rampu ndiyo inayoonekana barabarani, kwa hiyo ndiyo inayofanyiwa ujanja zaidi. Kipimo kinachokubalika karibu kila mahali ni 1 kwa 12: ukipanda sentimita moja, uwe umekwenda mbele sentimita 12. Baraza yenye ngazi tatu za sentimita 15 imeinuka sentimita 45, na rampu yake inadai mita 5.4 kabla hujahesabu jukwaa la juu. Mkandarasi aliyeachiwa mita tatu kati ya baraza na uzio atajenga ya mita tatu, atapaka rangi ya njano pembeni, na utakachopata ni mteremko wa kupakulia magunia. Kuligundua hilo hakuhitaji mhandisi. Laza pima maji juu ya rampu kufuata mteremko, inua ncha ya chini mpaka povu likae katikati, kisha pima nafasi iliyoachwa chini ya ncha hiyo. Ikiwa sentimita 5, kazi imefika kipimo. Ikiwa 4, umempata fundi muungwana. Ikiwa 8, hata kijana mwenye mikono ya mbeba mizigo hatapanda peke yake, na kushuka kwake ni hatari kuliko kupanda. Sasa geuza pima maji uilaze kukingama, toka ukingo hadi ukingo. Hapo nafasi isizidi sentimita moja na kidogo, la sivyo kiti kitavutwa upande mmoja safari nzima.

Tazama na ngozi ya rampu. Mafundi wetu wanaipenda niru, na niru ikisuguliwa vizuri inapendeza kweli, hasa ile nyekundu. Lakini weka niru kwenye mteremko kisha subiri masika. Zege lililochanwa kwa fagio likiwa bichi halina sura, ila lina mshiko, na mimi nalipigia kura kila mara. Mkono wa kushikia uwe pande zote mbili, kimo cha sentimita 86 hadi 96, na uendelee kama sentimita 30 kupita mwisho wa mteremko, ili asiyeona ajue kwa kiganja kwamba ardhi imenyooka. Bomba la chuma lililoelekezewa jua la alasiri la Dar es Salaam halishikiki. Anayewajali watumiaji huweka mbao ngumu au kivuli. Na pembeni mwa rampu pawe na ukingo wa kimo cha kiganja, gurudumu lisichungulie nje.

Kisha chuchumaa. Pale chini rampu inapokutana na ardhi ndipo kazi nyingi hufa. Zege limeishia na mdomo wa sentimita mbili au tatu, halafu changarawe. Anayetembea kwa miguu hauoni mdomo huo, lakini magurudumu madogo ya mbele ya kiti mwendo yanaukuta ukuta: yanakwama, na aliyeketi anatupwa mbele. Mara nyingi hapo pia pana mfereji wa maji ya mvua wenye kifuniko cha nondo. Angalia nondo zimelala vipi. Zikielekea kule kule anakoelekea mtu, gurudumu litazama katikati yake. Zinapaswa kukingama, na nafasi kati yake zisipitishe kidole gumba. Rudi tena baada ya mvua mbili tatu kubwa, maana udongo unapochukuliwa na maji ule mdomo hurefuka, na fundi aliyefikiria mbali atakuwa ameliendeleza zege mita moja na nusu tambarare zaidi ya pale mteremko ulipoishia.

Mlango nao una hila yake. Majengo mengi ya umma ya zamani yana mlango wa mbao wa mabawa mawili, kila bawa kama sentimita 60, moja likiwa limepigwa komeo juu na chini tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Kwenye mchoro mlango una sentimita 120. Kwenye maisha una 60. Nafasi inayohitajika ni sentimita 81.5 kwa uchache, nayo haipimwi fremu kwa fremu: fungua mlango mpaka usimame wima, kisha pima kutoka uso wa bawa mpaka kizuizi cha fremu upande wa pili. Kizingiti kisizidi milimita 13, na kiwe kimechongwa kwa mshazari. Kitasa kiwe cha kubonyeza kwa kiwiko. Kile cha mviringo kinachotaka kukamatwa na kusokotwa kinawashinda hata wazee wenye baridi yabisi.

Bado sijasema ni mlango upi. Fikiria Maktaba ya McMillan pale katikati ya Nairobi, iliyofunguliwa 1931 na kulindwa kwa sheria yake yenyewe ya 1938. Kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Marufuku hiyo ilipoondoka, ngazi pana za mbele zilibaki palepale, na nguzo zake, na sanamu zake za simba. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limekuwa likishirikiana na Kaunti ya Nairobi kuikarabati pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Jengo la aina hii ndilo mtihani mgumu kuliko yote, kwani sheria inayolilinda jiwe na haki ya anayetaka kuingia zinakutana mlangoni. Njia nyepesi ni kumpeleka mwenye kiti mwendo nyuma, kupitia mapipa ya taka na stoo. Mimi naihesabu hiyo kuwa kazi iliyofeli, hata vipimo vyote viwe sawa. Kazi ya bingwa husogea pembeni mwa ngazi za mbele, hutumia malighafi inayojionyesha wazi kuwa ni mpya, haiigi jiwe la zamani wala kulichimba, na ikiondolewa kesho haiachi kovu.

Ukishaingia, tafuta kaunta. Sehemu yake moja iwe na kimo kisichozidi sentimita 86, na chini yake pawe wazi ili magoti yaingie. Halafu angalia kitu ambacho wakaguzi wengi hawakioni: mkutubi amekaa wapi ukilinganisha na dirisha. Dirisha likiwa nyuma yake, uso wake unakuwa kivuli, na kiziwi anayesoma midomo au ishara haoni kitu. Kumgeuza mkutubi na meza yake hakugharimu hata shilingi. Nikikuta amegeuzwa, huwa najua kwamba aliyesimamia ukarabati aliwasikiliza watu kabla ya kuita mafundi.

Rafu zinataka mjadala mrefu kidogo, kwa sababu hapa maktaba inalipa bei halisi. Mtu aliyeketi anafikia vitabu kati ya sentimita 40 na 120 kutoka sakafuni, basi. Rafu ya kawaida ya chuma inapita mita mbili. Kati ya rafu na rafu panahitajika sentimita 90 kwa uchache, na 120 ndizo zinazomruhusu mwenye kiti mwendo kupishana na anayetembea kwa miguu, na mwisho wa kila safu pawe na mita 1.5 za kugeuzia kiti. Ukifanya hesabu hiyo kwenye chumba cha tawi la kawaida, vitabu vingi vinakosa mahali. Ukarabati wa uongo unaficha tatizo: unapanua njia mbili za mbele ambazo wageni watapigia picha, na kuziacha za nyuma zibaki finyu. Wa kweli unaanza kwa kupekua vitabu, kuviondoa vilivyochakaa na vile vya mitaala iliyofutwa, kushusha rafu za hadithi, watoto na kiada hadi tabaka nne au tano, na vile visivyoazimwa sana kuviweka juu au ghalani kwa utaratibu unaojulikana wa kuletewa. Utaratibu huo ubandikwe ukutani, usibaki huruma ya mkutubi wa zamu. Meza za kusomea ziinuliwe kidogo, sentimita 70 hivi ziwe wazi chini yake, na mguu wa katikati uondoke.

Vigae vya kuongoza wasioona vilibuniwa Japani na Seiichi Miyake na kuwekwa barabarani kwa mara ya kwanza mjini Okayama mwaka 1967. Lugha yake ni fupi: mistari maana yake fuata, nundu maana yake simama, kuna hatari. Kwetu mafundi huvipanga kama marembo. Vifuate mwenyewe macho ukiwa umefumba. Vikikufikisha kwenye nguzo au chungu cha maua, umeshapata jibu.

Choo kitakuonyesha tabia ya tawi kuliko rampu. Uliza kilipo. “Dada, samahani, choo cha watu wenye ulemavu kiko wapi?” Ukijibiwa, “Subiri baba, ufunguo anao mlinzi, ametoka kidogo kunywa chai,” andika hilo kabla hujatoa futi. Kikifunguliwa, hesabu ndoo, mafagio na viti vilivyovunjika vilivyomo. Kisha pima: mlango ufunguke kwa nje, ili aliyeanguka ndani asiuzuie kwa mwili wake, na ndani pawe na mita 1.5 za kugeuzia kiti. Kiti cha choo kimo cha sentimita 43 hadi 48. Vyuma vya kujishikia ubavuni na nyuma, vilivyofungwa kwenye ukuta wa tofali na si kwenye kigae peke yake. Vining'inie kwa uzito wako wote. Bomba la kujisafishia lifikiwe na aliyekwisha kukaa. Ramani zilizonakiliwa kutoka ng'ambo husahau hilo kila mara.

Na vitabu vyenyewe je? Asiyeona aliyeipanda rampu nzuri akakuta hakuna anachoweza kusoma amedanganywa. Kompyuta moja yenye NVDA, programu ya bure inayosoma maandishi ya kwenye skrini kwa sauti, iliyoanzishwa 2006 na Michael Curran wa Australia, inatosha kuanzia, pamoja na vipokea sauti vya masikioni. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao 2017, unawaruhusu wahusika waliotambuliwa kutengeneza na kubadilishana nakala za nukta nundu, sauti na maandishi makubwa bila kuomba ruhusa kwa kila mwenye hakimiliki. Muulize mkuu wa tawi ni nakala ngapi zimeletwa kwa njia hiyo. Jibu lake ni sehemu ya ukaguzi sawa na pima maji.

Ukimaliza, uliza kipindi cha matazamio kinaisha lini. Katika mikataba mingi ya ujenzi ni miezi sita hadi 12 baada ya makabidhiano, na katika muda huo sehemu ya malipo ya mkandarasi bado imeshikiliwa. Andikia tawi barua, nakala kwa mwajiri wa mradi, na kila kasoro iwe na kipimo chake: “mdomo wa rampu, sentimita 2.5, upande wa kushoto,” na si “rampu ni mbaya.” Tanzania unaweza kuitaja Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, na Kenya ibara ya 54 ya Katiba, lakini anachokiogopa mkandarasi ni fedha iliyoshikiliwa, kwa hiyo barua iwe imefika kabla ya tarehe ya kuifungulia.