Amri ya Kulaza Mabasi na Kampuni za Bukoba

Biashara ya mabasi ya masafa marefu ya Bukoba na Muleba ilikuzwa na mambo mawili: kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na lami. Iliyoidumaza ni amri ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliyozuia mabasi ya abiria kutembea usiku wa manane. Amri hiyo ilikuwa kosa, na mikoa ya mbali kama Kagera ndiyo iliyoumia zaidi.

Enzi za meli, abiria alipanda jioni Bukoba au Kemondo akaamkia Mwanza. Baada ya ajali iliyoua watu zaidi ya 800, wengi walilikimbia ziwa. Barabara ya Muleba na Biharamulo ilikuwa ya vumbi na tope, hivyo mabasi ya Dar es Salaam yakazungukia Mutukula, Kampala, Nairobi na Arusha. Huko kampuni ya mabasi ya Akamba ilikuwa ikiondoka Nairobi jioni na kuingia Kampala asubuhi. Abiria wa Bukoba alisafiri usiku kihalali katika nchi za jirani, akaja kuzuiwa kwao.

Hasara inaonekana kwenye ratiba. Bukoba hadi Dar es Salaam kupitia Kahama na Singida ni kama kilomita 1,400, takriban saa 23 kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa. Basi likiruhusiwa kutembea mfululizo, linaondoka Bukoba alfajiri ya Jumatatu, linaingia Dar alfajiri ya Jumanne, linageuza siku hiyohiyo na kurudi Bukoba Jumatano. Alhamisi linaanza upya: mabasi matatu yanatosha kutoa gari kila siku. Likilazwa kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja, linakwama maeneo ya Gairo na kufika Dar Jumanne saa nne zimepita. Saa ya kuondoka ya alfajiri imeshapita, kwa hiyo linasubiri Jumatano na kufika Bukoba Alhamisi. Sasa yanahitajika manne. Tajiri aliyeanza na mabasi matatu alilazimika kukopa la nne ili kusimama palepale, au kuacha siku moja kati ya nne kwa mshindani mkubwa. Abiria walilala vitini, watoto kwenye kanga zilizotandikwa katikati ya gari, mizigo ikilindwa kwa zamu.

Hoja ya usalama haikuwa ya kupuuzwa. Mapori ya Biharamulo yalikuwa na majambazi, lakini dawa yake ilikuwa eskoti ya polisi, na ilifanya kazi. Ajali nazo zilitaka madereva wawili wa kupokezana na udhibiti wa mwendo. Amri ilifanya kinyume: magari yote yaliondoka stendi ya Ubungo, Dar es Salaam, alfajiri ileile, kila dereva akikimbizana na saa asije akalazwa porini. Wakati huohuo mabasi yaliyojengwa juu ya chesisi za lori yaliachwa yapakie abiria kwa miaka mingi. Hilo ndilo lililostahili kupigwa marufuku kwanza. Kampuni ya Scandinavia Express, iliyokuwa na stendi yake jijini humo na nidhamu ya ratiba ambayo kampuni za leo hazijaifikia, ilionyesha kuwa usalama huanzia kwa dereva na gari.

Lami ya kilomita 154 kutoka Kagoma, Muleba, hadi Lusahunga ilizinduliwa mwaka 2013, kazi nzuri. Mfumo wa kufuatilia mwendo wa mabasi ukafuata, na tangu hapo zuio halikuwa na kisingizio. Hata hivyo halikuondolewa hadi Juni 2023, baada ya takriban miaka 30, na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, ikaanza kupanga ratiba za saa 24. Kwa njia ya Mwanza, kikwazo cha mwisho kilikuwa foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi, iliyokwisha Juni 2025 lilipofunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3. Sasa basi linaloondoka Bukoba alfajiri linaweza kugeuza Mwanza na kurudi usiku uleule, mradi lina madereva wa kupokezana.