Kimya cha Vin Scully

Sijawahi kucheza besiboli. Ninachojua ni kidogo: mmoja anarusha mpira, mwingine anausubiri na rungu, na akiupiga ukavuka ukuta, anazunguka vituo vinne bila haraka huku uwanja ukilipuka. Hata hivyo, kuna kipande kimoja cha matangazo ya mchezo huu ninachokirudia mara kwa mara, kama wengine wanavyorudia shairi.

Ni tarehe 8 Aprili 1974, Atlanta, mbele ya watazamaji 53,775. Hank Aaron wa Braves, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Mobile, Alabama, ana mapigo 714 ya kuvuka ukuta, sawa na Babe Ruth, ambaye rekodi yake ilikuwa imesimama tangu 1935. Al Downing wa Dodgers anarusha. Aaron anapiga. Mpira unapaa kushoto, unavuka ukuta, na Tom House, mrushaji wa akiba wa Braves, anaudaka. 715.

Mtangazaji ninayemzungumzia ni Vin Scully, naye ni sauti ya Dodgers, timu iliyofungwa pigo hilo. Anatamka kwamba mpira umekwenda, kisha anaacha kusema. Sisi tuliokulia na mpira wa redioni tunajua jinsi jambo hili lilivyo gumu. Mtangazaji wetu wa utotoni aliogopa kimya kama dereva anavyoogopa kuishiwa mafuta. Scully anavua vifaa vya masikioni, anainuka kitini, na kuuachia umati kazi ya kutangaza. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hapa kimya na mshindo vinasikika kwa pamoja.

Anaporudi, anasema ambalo wengi wangelizunguka: kwamba mtu mweusi anashangiliwa na watu waliosimama, katika Kusini ya Marekani, kwa kuvunja rekodi ya kipenzi cha mchezo huo. Ameutaja mji, ameitaja nchi, ameutaja ulimwengu, na kila kimoja amekipa pongezi. Sentensi hizo ndizo zilizomjengea jina, na vipande vingi ninavyokutana navyo mtandaoni huishia hapo. Msikilizaji anafuta chozi, anaondoka akiamini kwamba usiku ule Marekani ilipona.

Hapo ndipo ninapogombana na namna tunavyozihifadhi kumbukumbu za michezo. Kwa sababu Scully hakuishia hapo. Aliendelea akasema kwamba uso wa Aaron, ambao kwa muda mrefu haukuonyesha chochote, sasa ulionyesha uzito wa miezi aliyoipitia na nafuu ya kuutua. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sentensi bora kuliko zote. Ile ya kwanza inamtazama Aaron kama ishara. Hii inamtazama kama mtu.

Na uzito huo ulikuwa na anwani. Mwaka 1973 Aaron alipokea takriban barua 930,000. Nyingi zilimtia moyo, lakini nyingine zilimtukana kwa rangi yake na kutishia kumuua iwapo angempita Ruth. Aliishi na mlinzi, Calvin Wardlaw, askari wa Atlanta aliyekaa jukwaani na bastola ndani ya mkoba wa darubini. Msikilizaji wa 1974 hakuhitaji kuelezwa. Magazeti yalikwisha kuandika. Msikilizaji wa leo anahitaji, naye ndiye anayekatiwa.

Tazama tena picha ukiwa na habari hizo. Aaron anapokaribia kituo cha tatu, vijana wawili weupe wanatokea nyuma yake na kumpigapiga mgongoni. Katika orodha za matukio ya kukumbukwa, hiyo ni furaha ya mashabiki. Kwa Wardlaw, ni sekunde chache za kuamua: hawa wanapongeza au wanashambulia? Mkoba haukufunguliwa. Kisha mama yake, Estella, anamkumbatia mwanawe kwa nguvu ambazo Aaron mwenyewe alisema hakujua mama anazo. Mimi siwezi tena kuliona kumbatio lile kama sherehe tu. Naona mwili uliojiweka mbele ya mwili mwingine.

Aaron alistaafu na mapigo 755, akafariki Januari 2021. Barua zile za chuki hakuzichoma, alizihifadhi. Nadhani alikielewa kitu ambacho wakataji wa video hawajakielewa: shangwe isiyo na barua hizo ni nusu ya habari, tena ile nusu inayotupendeza.

Scully alijua wakati wa kunyamaza, na alijua wakati wa kusema. Ukikipata kipande chake, usikizime shangwe zinapoanza kutulia. Subiri afike usoni.