Glenn Gould mbele ya kazi ya Bach

Mpigaji wa kinanda ana ruhusa gani mbele ya kazi iliyotungwa na mwingine? Swali hili latupasa na sisi tunaoongoza waimbaji. Tulitazame kwa njia ya sahani moja ya muziki yenye sifa kubwa.

Mwezi wa sita mwaka 1955, Glenn Gould, kijana wa Kanada mwenye miaka 22, alinaswa akipiga piano huko New York, katika nyumba iliyokuwa kanisa hapo kale. Sahani ikatoka mwaka 1956. Alichagua kazi ya Bach iliyochapwa mwaka 1741, iitwayo Goldberg: wimbo mmoja, kisha mageuzi 30 yanayosimama juu ya msingi ule ule wa sauti za chini.

Wengine wanamlaumu kwamba anakimbia mno. Kweli, Bach aliandika sehemu zirudiwe. Gould hakurudia hata moja, akamaliza yote kwa dakika 38 hivi. Hapo tuseme wazi: kurudia si pambo tu. Mara ya pili sikio hushika lile lililolipita mara ya kwanza. Faida hiyo ametunyima.

Lakini mbio si majivuno kila mara. Sikilizeni geuzi la 3, la 6, na hivyo hata la 27: ni nyimbo za kufuatana, sauti moja yatangulia, nyingine yaishika njia yake. Mikononi mwa Gould hakuna sauti inayomeza nyingine. Waimbaji wetu wangapi waweza hivyo? Afadhali mbio yenye kusikika kuliko polepole yenye kuvurugika.

Tena geuzi la 25, lile la huzuni, amelipa zaidi ya dakika sita. Kumbe saburi anayo! Kosa lake hapo ni lingine: anambembeleza msikilizaji. Baadaye mwenyewe alililaumu.

Mwaka 1981 aliipiga tena kazi hiyo kwa dakika 51, akirudia sehemu kadha. Mwaka 1982 akafariki. Sahani ya pili haifuti ya kwanza. Ya pili yaonyesha namna mageuzi yote yanavyoshikamana. Ya kwanza yafundisha kuheshimu kila sauti. Mwenye kuongoza waimbaji aanze na ile ya kwanza, lakini maandiko ya Bach yawe mkononi mwake, apate kujua kilichoachwa.