Mnara wa Mvuvi

Malindi ina nguzo mashuhuri, imesimama ukingoni mwa bahari na msalaba wa jiwe la Kireno kichwani. Yamkumbuka Vasco da Gama, aliyetia nanga hapo mwaka 1498. Rubani aliyemvusha hadi Kalikati hana nguzo, na jina lake wanazuoni wabishania hata leo.

Jina nalo ni mnara. Mwaka 1938 samaki aliyedhaniwa kutoweka tangu zama za kale alivuliwa Afrika Kusini. Profesa J.L.B. Smith akamwita Latimeria, kwa heshima ya Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya East London aliyemtambua. Hapo hatuna neno. Wa pili alivuliwa na mvuvi wa Nzwani, Komoro, mwaka 1952. Smith akamwita Malania, kwa heshima ya Waziri Mkuu Malan aliyetoa ndege ya kumchukua! Mvuvi alipewa fedha. Wakomoro walikuwa wakimwita gombesa tangu zamani, na nyama yake hawakuithamini.

Kuanzia mwaka 2004 majarife ya Tanga nayo yaliwatoa samaki hao, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Sisemi hifadhi ni kosa. Jarife la kina kirefu huua lisichokusudia. Lakini samaki amepata jina juu ya ramani, na mvuvi amebaki kutajwa kama mkosaji.

Basi na ajengewe mnara, tena wa matofali. Mtu wa pwani atacheka: sisi hujenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, tofali ni la watu wa bara. Ndiyo maana nalitaka. Litoke Kilole, pale Korogwe, mji ambao reli ya Tanga iliufikia mwaka 1902 na kuufungulia njia kitoweo cha bahari. Udongo wa huko, hata hivyo, haukusubiri kualikwa: Mto Pangani huuteremsha baharini kila masika.

Juu yake nisione sanamu ya samaki. Nataka maneno: jarife, mshipi, chubwi, ngalawa, kusi, matlai. Na hapa sisi watunzi tuna deni. Bahari tumeifanya mapenzi, jahazi tumelifanya taifa, mvuvi tumemfanya mfano wa subira. Ni mara ngapi tumemwacha awe mvuvi tu, mwenye viganja vilivyochanwa na kamba? Nimesoma mashairi mengi ya bahari ambayo mtunzi wake, nadhani, hajapata kulowa.

Kwa hiyo ubeti utakaochongwa humo usipelekwe kwa majaji wa vina kwanza. Asomewe nahodha wa Tanga, jioni, nyavu zikishonwa. Akisema jarife halitoswi hivyo, mtunzi aufute.