"Mshipa wa Fahamu": Istilahi Inayopotosha

Istilahi "mshipa wa fahamu" imezoeleka mno hata ni vigumu kuishuku. Yastahili kushukiwa, hasa hapa Uvira, ambako biolojia ya sekondari hufundishwa kwa Kifaransa, na mwanafunzi arudipo nyumbani Kalundu au Mulongwe humlazimu kuyaeleza kwa Kiswahili yale aliyojifunza.

Neno mshipa limebebeshwa mengi: njia ya damu, neva, na hata maradhi ya ngiri. Msikilizaji hudhani ni mrija wenye kitu kitiririkacho ndani. Neva si mrija. Ni fungu la nyuzi, na kila uzi ni mkono mrefu wa seli moja. Seli hiyo ina kiwiliwili chenye kiini; dendraiti, yaani matawi mafupi yapokeayo ishara; na aksoni, uzi mmoja uipelekao ishara mbali. Aksoni itokayo uti wa mgongo hadi wayoni yaweza kufikia urefu wa mita 1. Nyingi huvikwa mielini, ala ya mafuta iharakishayo ishara, pengine kupita mita 100 kwa sekunde. Nchani hutolewa kemikali ivukayo ufa mwembamba na kuiamsha seli ya pili. (Wanaopenda mfano wa waya wa umeme huusahau ufa huo.)

Kosa kubwa zaidi limo katika neno fahamu. Tuchukue konzo, ugonjwa ulioelezwa huko Kwango mwaka 1938, na ambao mwaka 2011 watafiti waliripoti kuzuka kwake Kivu Kusini. Huwapata walao muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha, huku mlo ukipungukiwa na protini. Miguu hukakamaa ghafula, wala hairudii hali yake. Seli zilizoumia ni zile ziteremshazo amri ya mwendo kutoka ubongoni hadi uti wa mgongo. Mgonjwa hapotezi fahamu, na kwa kawaida miguu huendelea kuhisi. Mama akiambiwa kwamba mishipa ya fahamu ya mwanawe imeharibika, ataelewa nini, ilhali mtoto anamtazama na kumjibu?

Twapendekeza "neva" kwa fungu na "seli ya neva" kwa seli yenyewe. Wapo watakaolalamikia utohozi. Kwetu ugeni wa neno hilo ni faida: halikuja na maana kongwe ya kulipotosha, tena lakaribiana na Kifaransa cha darasani. Mama yule angeweza basi kuambiwa kwamba seli za neva za mwendo ndizo zilizoumia, na kwamba zile za hisi zi salama.