Mwanga na Mwangaza: Uhakiki wa Istilahi za Taa juu ya Matumbawe

Istilahi mbili zikichukuliwa kuwa ni kitu kimoja, aghalabu hasara yake huishia katika karatasi: mwanafunzi hukosa alama, mfasiri hulaumiwa, na mambo huendelea. Lakini zipo fani ambazo kosa la istilahi huua. Mojawapo ni fani ya kufuga matumbawe ndani ya tangi la kioo chini ya taa za LED. Fani hii ni ngeni katika Kiswahili, na maelezo yake yanapofasiriwa, neno mwanga hubebeshwa mzigo usiokuwa wake. Katika makala haya tunakusudia kulihakiki neno hilo pamoja na wenzake, na shahidi wetu atakuwa bahari ya Vitongoji, mashariki ya Chake Chake, kisiwani Pemba.

Yafaa kwanza kujua ni nini hicho kinachoangaziwa. Katika lugha ya waashi wa pwani yetu, tumbawe ni jiwe. Huchongwa likiwa bado laini, au huchomwa likawa chokaa. Msikiti wa Kizimkazi, kisiwani Unguja, wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, ni ushahidi wa ufundi huo. Kwa mtaalamu wa viumbe, hata hivyo, tumbawe ni mnyama, au tuseme ni mji wa wanyama wadogo wengi waliojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya nyama yao hukaa mwani mdogo usioonekana kwa macho, nao hutumia mwanga kutengeneza chakula ambacho sehemu yake kubwa humlisha mwenyeji. Mwanga ukipungua mno, mwenyeji hudhoofika. Ukizidi, na hasa maji yakiwa na joto, mwani hutoka na tumbawe hupauka. Mfasiri asiyelijua tumbawe ila kama jiwe hawezi kuona hatari yoyote katika maneno yake, kwani jiwe haliungui kwa taa.

Sasa tutazame kasoro yenyewe. Maelezo ya aina hii humwambia msomaji apunguze mwanga, aongeze mwanga, au auweke mwanga katika asilimia 50. Neno moja limetumika kwa mambo mawili: kile kitokacho katika taa, na kile kifikacho juu ya tumbawe. Msomaji aliyeamriwa kupunguza mwanga hajui kama ageuze kitufe au ainue taa, na vitendo hivyo viwili havina matokeo sawa. Akigeuza kitufe, tangi zima hupungukiwa kwa kadiri moja. Akiinua taa, hakuna kilichopungua katika taa yenyewe, bali kilichomo hutawanyika: katikati ya tangi hupungukiwa na pembezoni hupata zaidi. Akiishusha, tumbawe lililo chini yake huchomwa ilhali yaliyo kwenye pembe yamo kizani. Mvuvi wa dagaa anayening'iniza taa juu ya maji usiku wa kiza anaijua tofauti hii kwa mikono yake, ingawa hakuulizwa na watunga istilahi.

Bahari ya Vitongoji hutufundisha jambo hilo hilo bila taa. Wakati wa bamvua, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa katika bahari zetu hukaribia mita nne, yaani zaidi ya pima mbili. Maji yakipwa, tumbawe lililo ukingoni mwa mwamba hubaki na maji haba juu yake. Baada ya saa chache maji hujaa, na tumbawe lile lile huwa limefunikwa kwa pima mbili na zaidi. Jua ni lile lile, wala hakuna aliyelifunika. Kilichobadilika ni kile kinachomfikia mnyama aliye chini. Ndani ya tangi hakuna kupwa wala kujaa. Kazi iliyofanywa na bahari imeachiwa mkono wa mtu, na mtu huyo huongozwa na maneno.

Kwa maoni yetu, lugha tayari inayo maneno mawili yanayofaa. Tunapendekeza neno mwanga libaki kwa kile kitokacho katika taa au jua, na neno mwangaza litengwe kwa kile kifikacho mahali panapoangaziwa. Umbo lenyewe linatuunga mkono. Mwangaza umejengwa juu ya kitenzi angaza, chenye maana ya kutia mwanga juu ya kitu, nacho kitendo cha kuangaza hakikamiliki bila ya mtendwa. Hivyo tutasema: mwanga wa taa ni asilimia 50, lakini mwangaza juu ya tumbawe hili ni mdogo. Taa iliyoinuliwa hubaki na mwanga wake, bali hubadili mgawanyo wa mwangaza.

Huenda tukaambiwa kwamba watu wa kawaida huyatumia maneno hayo mawili bila ya kuyatofautisha. Hoja hiyo ni ya kweli, ila haitoshi. Sokoni neno uzito hutosha kwa kila jambo, lakini fizikia ililazimika kuutenga uzito na tungamo, na wauza samaki hawakudhurika. Istilahi haimnyang'anyi mtu lugha yake. Humpa mwenye kazi maalumu chombo cha kazi yake.

Faida ya utengano huu huonekana mara tu vipimo vinapotajwa. Asilimia inayoonyeshwa na taa ni kipimo cha mwanga, nayo haimwambii mfugaji hali ya tumbawe. Mwangaza unaolisha mwani hupimwa pale tumbawe lilipo, kwa mikromoli kwa mita ya mraba kwa sekunde. Jua la adhuhuri juu ya maji hukaribia 2,000. Wafugaji aghalabu huyapa matumbawe laini baina ya 50 na 150, na yale magumu yenye matawi baina ya 200 na 350. Taa mbili zenye asilimia moja, moja ikiwa sentimita 20 juu ya maji na nyingine sentimita 40, hazitoi mwangaza mmoja.

Rangi nayo ihesabiwe peke yake. Maji humeza wekundu kwanza na kuuacha ubuluu ushuke mbali, ndiyo maana taa za matumbawe huegemea buluu. Taa ya LED ya rangi hiyo ilikuwa ngumu kuundwa hata waliofaulu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kuambiwa "ongeza mwanga wa buluu" ni amri nyingine kabisa, na isichanganywe na hizo mbili za mwanzo.

Lipo pia neno nuru. Vitabu vyetu vya elimuviumbe vimezoea istilahi usanisinuru, hali vile vya fizikia husema mwanga. Kwa hiyo mwanafunzi mmoja hukutana na jambo moja kwa majina mawili, akidhani ni mambo mawili. Hatupendekezi kuivunja istilahi iliyokwisha kukaa. Tunaomba tu nuru isiingizwe katika istilahi mpya za taa, ibaki katika dini na ushairi ambamo ina heshima yake.

Mwisho, tunaonya juu ya kupauka na kufa. Tumbawe lililopauka limepoteza mwani wake, lakini laweza kuwa hai bado na kupona iwapo mwangaza utapunguzwa mapema. Mfasiri aliyeandika kwamba limekufa humfanya mfugaji alitupe. Vivyo hivyo, taa mpya haiwashwi kwa nguvu zake zote. Huanzwa kwa mwanga mdogo, ukaongezwa kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, na kitenzi chake kiwe kuzoeza. Neno hili halihitaji kuundwa wala kukopwa. Linahitaji tu kuandikwa mahali pake, kabla ya mtu kugusa kitufe.